Hadi Kwenye Mkaratusi

"Mama yako ananichunga," Maxine aliniambia kabla sijavua viatu.

Nilikuwa nimetoka Meru mjini, ambako nafanya kazi wiki nzima. Tangu tuhame kutoka Uholanzi, kwao Maxine, nilikosomea, mke wangu alikuwa akibaki peke yake hapa Kanja. Wazazi wangu wanaishi ng'ambo ya bonde. Juu ya kitanda, begi lake lilikuwa wazi, nguo zimeanza kupangwa ndani.

"Nikimaliza chai kwake, nikisema naenda, anainuka. Ananifuata mpaka kwenye ule mkaratusi, anasimama, ananitazama mpaka nifike mlangoni. Kwa jirani yetu Kajuju ni vivyo hivyo. Wanadhani nitaiba kuku?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Wanakusindikiza tu, Maxi."

"Mchana? Mtu mzima? Njia fupi hivyo?"

Sikuwahi kujiuliza. Halafu nikakumbuka jinsi Mama alivyoniuliza kwenye simu, "Huyo wako hushinda akifanya nini humo ndani?" Shaka ikaniingia na mimi. Nikavuka bonde.

Mama alikuwa akichagua maharagwe. Hakuinua macho.

"Mke wako hatutaki."

"Nani amesema?"

"Nikimtembelea, nikisema naenda, ananiambia 'sawa, Mama', anafunga mlango. Narudi peke yangu kama niliyefukuzwa, na watu wananiona. Anaficha nini?"

"Ndiyo maana unamfuata?"

"Kumfuata!" Akaacha maharagwe. "Nimwache mgeni aende hivi hivi? Na maneno matamu tutaambiana wapi? Ndani kuna baba yako na redio yake. Maneno ni ya njiani. Lakini yeye anatembea mbio, mimi nabaki nikihema nyuma."

Nilimweleza Maxine yote. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono. "Tutaona," akasema. Begi halikuondoka kitandani.

Jumapili baada ya kanisa Mama alikuja na ndizi. Chai ilipoisha akasema, "Haya, naenda." Maxine alinitupia jicho la mtu anayeshuku mtego, akavaa ndala, akatoka naye.

Nilisimama mlangoni. Walifika kwenye mkaratusi wakasimama. Wakasimama sana. Kisha nikamwona Mama akigeuka, wakarudi wote wawili. Mama alikuwa anamrudisha! Kufika kwenye geti letu, Maxine naye akageuka.

"Sasa nani anamlinda nani?" akanipigia kelele, na Mama akacheka mpaka akaushika ua wetu.

Walikwenda, wakarudi, wakaenda tena. Mara ya mwisho waliketi kwenye mizizi ya mkaratusi, na kicheko chao kikanifikia hadi mlangoni.

Maxine aliporudi, miguu ilikuwa imejaa vumbi jekundu.

"Mama ameniambia jambo juu yako."

"Jambo gani?"

Alizirudisha nguo kabatini, moja moja, bila haraka.

"Kesho ukienda kazini nitakusindikiza hadi stejini ukapande matatu. Utalisikia njiani."

Usiku huo mimi ndiye niliyekosa usingizi.