Kijani cha Maonyesho

Ukumbi wa maonyesho ya teknolojia ulijaa vijana wenye vitambulisho shingoni, kila mmoja akijigamba kwamba programu yake ingemaliza foleni za hospitali. Foleni ndefu kuliko zote ilikuwa ya chai.

Mhandisi alisimama mezani pake akitokwa jasho. Bangili yake ya kupima presha ilifanya kazi, ila mtandao wa pale ulikatika ovyo. Basi akafanya wanavyofanya wenzake: akaiweka kwenye hali ya maonyesho, itoe namba nzuri za kijani alizojipima mwenyewe zamani.

"Nani atajitolea?"

"Mimi hapa!" Mjomba wake, aliyemlea, alishakunja mkono wa shati. "Nilikuvisha nepi, mpwa wangu. Leo nivishe bangili."

Watu wakaangua kicheko. Mhandisi alitaka kukataa, lakini wenye mtaji wa kuwekeza walikuwa mstari wa mbele. Akamvisha.

Kijani. Makofi.

"Mia na ishirini kwa themanini!" Mjomba alisoma kwa sauti. "Miaka yote daktari ananishindilia vidonge, kumbe nilishapona! Kuanzia leo basi!"

Mhandisi akamshika mkono. Akamvuta hadi kwenye korido, karibu na vyoo.

"Mjomba, ile namba si yako. Ni yangu, ya kurekodi. Vidonge usiache."

"Unaona haya kusifiwa? Ndivyo ulivyo tangu utotoni."

Mhandisi akazima hali ya maonyesho, mtandao ukashika, akampima upya. Bangili ikawaka nyekundu: mia na tisini na ushei.

Mjomba akaitazama. Kisha akamshika bega taratibu, kama anayempa pole mfiwa. "Usijali, mwanangu. Vyombo ndivyo vilivyo. Shukuru kimekuharibikia huku nje."

"Mjomba, nakuomba..."

"Niache bwana. Nimechoka kuamshwa na vidonge nikakojoe."

Labda akiusikia ukweli mbele ya watu atauamini. Mhandisi akarudi ndani, akashika kipaza sauti, akasema yote.  Mwenye mtaji mmoja akafunga kalamu yake, akaangalia simu.

Mhandisi akageuka kumtafuta mjomba. Hakuwemo. Kupitia dirisha lililokuwa wazi akamwona getini, amemshika mlinzi mkono, uso umemchangamka kama bwana harusi.

"Kijana wangu mwenyewe," alikuwa akimwambia. "Amenipima mbele ya watu wote."