Nukta Nilizofuta

Dada yangu Arlene aliponiuliza, nilikuwa nimeshika kijiko cha supu ya kuku na tambi, nambembeleza afungue mdomo.

"Verna," akasema, "kabla sijafa nataka unijibu kitu kimoja tu. Kwa nini ulinyamaza?"

"Nilinyamazia nini, dada?"

"Usijitie hamnazo. Ulizisoma nukta, ukanyamaza."

Nikadhani ni dawa zinamzungusha. Asubuhi ile muuguzi wa makao ya wazee alikuwa amenivuta ukumbini, akaniambia moyo wa Arlene umechoka kabisa, mapafu yanajaa maji, na kwamba tuhesabu siku, tusihesabu wiki. Yeye alikuwa na miaka sabini na tisa, mimi sabini na mitatu. Baba na mama walituacha zamani. Mumewe alitangulia. Tulikuwa tumebaki sisi wawili tu, na ukitaka ukweli, hatukuwa tumebaki pamoja. Kwa miaka sitini na miwili dada yangu alinitendea adabu tupu. Kadi ya Krismasi, pai ya krimu kwenye misiba, "habari za huko" na "haya, uende salama". Niliamini ndivyo alivyoumbwa.

"Nukta gani?" nikamuuliza.

"Za kitabu cha tano. Nilichokutumia kutoka kule."

Supu ikamwagika kwenye shuka.

Kule nilikujua, ingawa nilichelewa kukujua. Mwaka 1962 nilikuwa na miaka kumi na moja, Arlene kumi na saba. Siku moja nikarudi kutoka shule, dada hayupo. Mama akaniambia, na majirani wote wa mji wetu mdogo wa Indiana akawaambia, kwamba Arlene amekwenda kumuuguza shangazi mwenye kifua. Alirudi mwezi wa Juni amekonda, hasemi na mtu. Nilikuwa mtu mzima nina mume wangu ndipo nikaambiwa kwamba shangazi hakuwapo. Ilikuwepo nyumba ya kanisa kule mjini, walikopelekwa wasichana wenye mimba bila ndoa wazae, watie sahihi, waondoke mikono mitupu. Mtoto wa Arlene alichukuliwa, na hakupata mwingine maishani mwake.

Na kitabu cha tano nilikijua kuliko ninavyoijua sura yangu.

Mimi hukusanya vitabu. Si vitabu vyovyote. Nakusanya vile vya mfululizo walivyoandikiwa wasichana miaka mia na kitu iliyopita, vya wasichana wanaoendesha magari, wanaorusha ndege, wanaofukuza wezi milimani, na hakuna mama hata mmoja wa kuwaita waje waoshe vyombo. Ninavyo mia nne na kumi na viwili. Mbegu ya yote ni vitabu kumi na viwili vya bibi yetu Ottilie, "Wasichana wa Puto", alivyonunuliwa kimoja kimoja kuanzia mwaka 1911, kisha akatupa sisi wajukuu vikae rafuni kwetu. Katika kitabu cha tatu wale wasichana wanafungiwa kwenye nyumba ya majambazi, wanaomba wapewe kitabu cha kupitishia muda, kisha wanakituma nje kikiwa na nukta za penseli chini ya herufi. Ukiziokota herufi zenye nukta, unapata ujumbe. Mimi na Arlene tulizifanya nukta kuwa lugha yetu. Nikiwa na miaka saba nilizisoma haraka kuliko yeye.

Mama alipofariki mwaka 1991 nilivichukua vile vitabu kumi na viwili, na majira ya baridi yale nikavisafisha. Hiyo ndiyo sifa yangu kwenye chama chetu cha wakusanyaji. Wengine wana macho ya kutambua chapa ya kwanza, wengine wana bahati ya mnadani, mimi nina mkono wa kufuta penseli. Msichana wa mwaka 1915 ameandika jina lake, amemchora paka, amejibu hesabu pembeni, mimi na raba yangu laini namwondoa, na karatasi haichubuki. Kitabu cha tano ndicho kilichokuwa kichafu zaidi. Sura ya tisa nzima ilikuwa na nukta. Nilikaa nazo siku mbili, moja baada ya moja, kisha nikakibana kitabu chini ya vyuma mwezi mzima kurasa zinyooke. Nilikipeleka chamani. Walinipigia makofi.

Utaniuliza, wewe Verna uliyezijua nukta tangu miaka saba, ulizifutaje bila kuzisoma? Nimejiuliza mwenyewe hadi kichwa kikauma. Mkusanyaji hasomi ukurasa. Anautazama kama daktari wa meno anavyotazama kinywa, wala hasikii kinasema nini. Niliona uchafu, nikaondoa uchafu.

"Arlene, sikuzisoma," nikamwambia. "Naapa mbele ya Mungu."

"Ulikuwa hodari kunishinda."

"Sikuziona!"

"Kamdanganye mwingine," akasema, akageuza uso ukutani. "Mimi nilikaa dirishani siku kumi na sita."

Sikumbuki nilivyoendesha gari. Nilifika nyumbani theluji inadondoka, nikampigia simu Nadine, mwenzangu wa chama, mwanamke mwenye ulimi mkali na macho makali zaidi. Kazi yake Nadine ni kuwaumbua walaghai wanaofuta mihuri ya maktaba kwenye vitabu. Akaja na tochi yake na miwani yake ya kukuzia.

"Shoga, mbona umekuwa mweupe hivyo? Nani kafa?"

"Bado," nikasema, nikamweleza yote pale pale mlangoni.

Nadine hakuvua hata koti. "Penseli ikifutwa inabaki kovu," akasema. "Aliandika kwa nguvu?"

"Arlene? Alikuwa anatoboa karatasi."

"Basi kuna tumaini. Isipokuwa kama mlaaniwa mmoja alikibana kitabu chini ya vyuma."

Nikainamisha uso. Akanitazama, akaguna.

Tuliingia chumba cha vitabu, tukafunga mapazia mchana kweupe. Nadine akailaza tochi kando ya ukurasa ili mwanga upite juu yake, na pale penye shimo la nukta pakatokea kivuli kidogo kama cha ncha ya sindano. Kidogo mno! Nyingine zilikuwa wazi, nyingine nilizichukia kwa sababu zilikataa kuwa nukta au kutokuwa nukta. Yeye anasoma, mimi naandika. Nililaani mikono yangu. Kila mtu aliyewahi kuisifu mikono hii nilimlaani naye. Tulikula mkate mkavu tumesimama, Nadine akalala kwenye kochi langu, na asubuhi tukaendelea. Saa sita mchana simu ikalia. Muuguzi akasema Arlene amekataa chakula, na kama nina la kumwambia nisingoje kesho.

Ndipo nikaisoma karatasi niliyokuwa nikiiandika. Hadi hapo zilikuwa herufi tu.

Verna usimwambie mama. Nenda kwa bibi. Mwambie aje anichukue kabla ya tarehe kumi na tisa Mei. Hapa barua zetu zinasomwa. Wanataka nitie sahihi. Sitaki kumtoa mtoto. Nakaa dirishani upande wa barabara kila siku baada ya chakula cha mchana.

Nadine alilia, mtu ambaye sijapata kumwona akilia hata alipomzika mumewe. Mimi machozi hayakuja. Nilikuwa namwona bibi Ottilie, ambaye hakumwogopa mama wala mchungaji wala mtu yeyote, na ambaye nyumba yake ilikuwa mitaa mitatu tu kutoka kwetu. Ningetembea dakika kumi. Na bibi angekwenda siku hiyo hiyo, bila hata kuvua aproni yake.

"Sikiliza," Nadine akaniambia huku akifunga vifungo vya koti langu kama mimi mtoto. "Ukifika mwambie mama yenu alikificha kitabu. Umekikuta alipokufa. Basi."

"Ni uongo."

"Ni uongo, ndiyo. Mama yenu yuko kaburini, hawezi kujitetea, na makosa yake mengine yanatosha kumbebesha na hili. Mwache dada yako afe ana mdogo wake. Ukweli wako utamsaidia nini saa hizi?"

Njia nzima niliukariri uongo ule. Ulikuwa uongo mzuri. Ulinitosha kama glavu, nami nilikuwa na haja nao, kwa sababu nilikuwa nimeanza kukumbuka siku kitabu kilipofika.

Arlene alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu, mpira wa hewa puani. Pumzi moja, anapumzika, pumzi nyingine. Nikavuta kiti.

"Nimezisoma dada. Leo. Kwa tochi. Nilikuwa nimezifuta nilipokuwa nakisafisha."

Akafungua macho. "Umezifuta?"

"Mwaka tisini na moja. Sikujua ni nini."

"Na mwaka sitini na mbili?"

Hapo ndipo mahali pa uongo. Nikafungua mdomo. "Mama ali..." nikaanza, na dada yangu akanitazama kwa macho yale ya utotoni, ya kunijua. 

"Mama hakufanya kitu," nikasema. "Mtu wa posta alikileta mimi niko kibarazani. Alinipa mkononi. Nilikuwa nimekukasirikia, Arlene. Si kwa kuondoka kwako. Kwa kuondoka na kitabu. Safu ya bibi ilikuwa na pengo, na kila nikipita naliona. Kwa hiyo nikachana karatasi ya posta, nikakichomeka mahali pake, kati ya cha nne na cha sita. Nikarudi nyuma kidogo nikaitazama safu. Nikafurahi."

"Ukafurahi."

"Ilikuwa imekamilika."

Mashine ya hewa ikakoroma. Nje mtu alikuwa anapara theluji njiani.

"Hukufungua hata ukurasa mmoja," akasema.

"Hapana, dada."

"Hata kutafuta kama nimekuandikia barua?"

"Hapana."

Nilingoja anitukane. Ningepokea tusi lolote. Badala yake uso wake ukawa wa mtu anayetafuta kitu mfukoni hakipati.

"Mimi nilikuwa na mdogo wangu mwingine," akasema polepole, akipumua katikati ya maneno. "Huyo alizisoma. Akataka kwenda kwa bibi, akamwogopa mama, akalia ndani ya shuka. Miaka kumi na moja, masikini, angefanya nini? Huyo nilishamsamehe. Zamani sana. Nilitaka tu anitamkie mwenyewe." Akapumzika. "Wewe ndiyo kwanza nakujua leo. Na muda wenyewe umekwisha."

"Nisamehe, Arlene. Tafadhali. Msamehe na huyu wa leo."

"Nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Nilichokuandikia. Ulitakiwa ukisome. Kisome."

Nikatoa karatasi mfukoni. Nikailaza kwenye blanketi juu ya miguu yake. Nikasoma. Verna usimwambie mama. Nenda kwa bibi. Aliyafuata maneno kwa midomo, bila sauti, hata tarehe aliikumbuka, hata dirisha. Nilipofika upande wa barabara, kila siku baada ya chakula cha mchana, nikaanza kuikunja karatasi.

"Endelea," akasema. "Kuna mstari mwingine."

"Upo, dada. Chini kabisa. Mimi na Nadine tumeujaribu mara tano. Hausomeki. Hapo nilisugua sana. Uliandika nini?"

Akafumba macho. Nikaona midomo yake ikipita juu ya ule mstari, neno baada ya neno, polepole, hadi mwisho wake. Niliinama nikaweka sikio karibu kabisa na kinywa chake, nikamwomba kwa jina, nikamwomba kwa udugu wetu, anitajie hata herufi moja moja.

Hakunitajia.