Shore Kwenye Dirisha la Gwalugano

Gwalugano alipojenga nyumba yake Nanyala, kuta aliziacha bila rangi na choo bila mlango, lakini sebuleni aliweka dirisha la kioo cha kujiona, kile ambacho aliye nje hujitazama na aliye ndani humcheka. Heshima lazima ianzie mahali.

Wa kwanza kuja kuipongeza alikuwa shore. Ndege wa kawaida kabisa, kichwa cheusi, manjano kidogo chini ya mkia, wale wanaomaliza mapapai kabla mwenye mti hajaonja. Alfajiri aliimba vizuri juu ya ua wa michongoma, kisha akakirukia kioo kwa mdomo na kucha. Alipochoka aliacha kinyesi dirishani, akaanza upya.

Gwalugano, mtu wa sala na akili zake timamu, akajua papo hapo kwamba ndege huyo ametumwa. Na aliyemtuma ni jirani yake Anyosisye, maana tangu kioo kifike salamu zake zimekuwa fupi.

"Hajatumwa na mtu," alisema mkewe, Enesi. "Mwenzake analalia mayai pale michongomani. Anamwona shore mwingine kwenye kioo, anadhani amekuja kumnyang'anya mke. Funika kwa nje, atatulia."

"Mama Tuntufye, ndege gani anagombana na sura yake?"

"Huyo."

Gwalugano akaenda kwa jirani. "Mwite ndege wako," alimwambia.

"Mimi nina kuku tu," Anyosisye akajibu. "Huyo unamlisha wewe, kwa mapapai yako."

Ndugu kutoka Msangano walipokaribia kuja kuibariki nyumba, kioo kilikuwa kimechafuka vibaya. Gwalugano akakiosha, akakifunika kwa viroba vya mahindi. Shore akanyamaza siku hiyo hiyo.

Wageni wakafika. "Kioo bado hujapata, shemeji?" kaka yake Enesi aliuliza kwa huruma. "Usijali, utajaliwa."

Hilo Gwalugano hakulivumilia. Akainua kiroba mbele ya watu wote ili waone. Shore alitoka michongomani akiwa na kiwavi mdomoni, akakidondosha, akakivamia kioo. Wageni wakacheka mpaka chai ikamwagika.

"Kifunike, shemeji," yule kaka akasema. "Mwenzio ana watoto."

Akakifunika. Jioni alimpelekea Anyosisye sahani ya wali na nyama, bila maelezo. Anyosisye akapokea kwa mikono miwili, akauliza kama ndege hajambo.