Beji ya Shangazi

Kabla sijaanza, naapa. Naapa kwa meno haya manne yaliyonibakia mdomoni, na kila moja nina kazi nalo: ninayosimulia hapa ni kweli tupu, sijaongeza chumvi wala maji. Anayetaka kubisha na abishe, ila aje akiwa ameshakula. Mbishi mwenye njaa hana adabu.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi, Mpiga Pasi alikuwa kwenye kibanda chake, mkabala na geti la kituo cha afya, akipuliza makaa. Mezani palikuwa na makoti ya wauguzi, na koti la chini kabisa lilikuwa na doa la dawa ambalo halikutoka hata kwa ndimu. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye viganja vya moto mwaka mzima. Zamani aliugua akili. Alikuwa akipiga magoti katikati ya barabara na kunyoosha lami kwa mkono, kwa sababu aliona ina makunyanzi. Alipopona, shirika linaloendesha kituo lilimpa beji ya kijani iliyoandikwa RAFIKI. Kazi yake ikawa kukaa na wale wanaougua kama alivyougua yeye, kuwasikiliza, kuwakumbusha siku ya dawa, na kuwashika mkono pale ambapo daktari hawezi kushika. Wenyewe walijiita Kundi la Alhamisi.

Mmoja wao alikuwa mchora mabango, waliyemwita Brashi. Ndiye aliyeandika kwenye ukuta wa geti, kwa rangi ya bluu, HUDUMA KWA WOTE, na herufi zilikuwa zimenyooka kiasi kwamba watu walidhani zimechapwa. Kila mwezi alichomwa sindano. Akichomwa, alilala usiku na kuchora mchana kama watu wengine. Asipochomwa, wiki haiishi ila ataanza kupaka macho kwenye kuta za watu, macho makubwa yasiyo na kope. Mara ya mwisho watu wa sokoni walimfunga kamba kwenye nguzo ya taa na kumpiga. Kovu lilizunguka vifundo vya mikono yake yote miwili kama bangili.

Asubuhi hiyo alifika getini akiwa amevaa koti lililofuliwa.

"Umekuja na nani?" mlinzi akamuuliza.

"Nimekuja na miguu yangu."

"Miguu haikusindikizi ukizimia njiani. Kuna sharti jipya. Kila mgonjwa wa Alhamisi aje na ndugu wa damu. Ni kwa usalama wenu."

"Ndugu wa damu sina. Wa mwisho alikuwa shangazi, naye yuko makaburini, nyuma ya kiwanda cha matofali."

"Basi kamlete," mlinzi akasema, na kumwita aliyefuata. Hakuwa mtu mbaya. Aliambiwa amjibu kila mtu hivyo.

Mpiga Pasi aliacha pasi juu ya kigae, akavuka barabara na kwenda moja kwa moja kwenye dirisha la karani.

"Mimi nitamsindikiza. Si ndiyo kazi mliyonipa?"

"Wewe ni rafiki, mama. Beji yako ya kijani. Ya msindikizaji ni nyeupe, na ni ya ndugu."

"Nani alimfungua ile kamba kwenye nguzo ya taa? Damu yake, au mimi?"

"Nakuelewa kabisa."

"Undugu ni kufaana, si kufanana."

"Hiyo ni methali," karani akasema. "Hapa tuna sharti."

Karani huyu alikuwa hodari wa kuelewa watu. Aliwaelewa kutwa nzima, kisha saa za kazi zikiisha akafunga dirisha na kwenda nyumbani kula.

Wanasema asiye na wake ana Mungu. Brashi hakumsumbua Mungu. Alikwenda nyuma ya kiwanda cha matofali, akang'oa magugu, akaeleza shida yake. Alhamisi iliyofuata, wakati ukuta wa duka la mikate ulikwishaota macho mawili, alirudi getini na shangazi yake.

Shangazi alikuja na nguo aliyozikwa nayo. Pindo lilikuwa na udongo mwekundu, na bado alikohoa kikohozi kilichomuua. Alitembea upande wenye kivuli.

"Shikamoo, bibi," mlinzi akasema.

"Marahaba. Funga kifungo hicho, tumbo lako silitaki asubuhi yote hii."

Mlinzi akafunga kifungo. Akapekua mkoba wa bibi, akakuta mizizi ya nyasi na kitambaa, akamruhusu apite.

"Uhusiano?" karani akauliza.

"Shangazi yake, upande wa baba. Nimemlea tangu hajaota meno."

"Unakaa wapi?"

"Nyuma ya kiwanda cha matofali."

"Simu?"

"Kule hakuna."

"Mtandao unasumbua sehemu nyingi," karani akasema, na kumpa beji nyeupe yenye kamba. Muuguzi, kabla hajachoma sindano, alimuuliza msindikizaji kama mgonjwa analala vizuri.

"Halali," Shangazi akajibu. "Huwa namsikia kutoka kule."

Habari kama hizi hazihitaji mpiga mbiu. Wengi kwenye Kundi la Alhamisi hawakuwa na mtu. Wengine walikuwa nao, lakini ndugu walio hai wana kazi, wana wageni, au wana haya ya kuonekana kwenye benchi lile. Basi kila mmoja akaenda kumwita wake. Muuza mayai alikuja na pacha wake aliyekufa maji. Kila alipokaa palibaki dimbwi dogo, na mfagiaji alilalamika kwa sababu ya dimbwi tu. Mwalimu mstaafu alikuja na babu aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. Walikaa wakitazamana kwa aibu, kama watu waliopangiwa kukutana na mshenga.

Wafu hawakunywa chai. Walikumbatia vikombe mpaka vikapoa, kisha wakavirudisha. Karani alianza kuja na sweta. Mratibu wa kituo alifurahi sana, maana aliweza kuwaandikia wakubwa kwamba sasa kila mgonjwa anasindikizwa na ndugu. Wageni wakaja kupiga picha. Pichani mabenchi yalitoka nusu matupu, kwa hiyo ikabidi wauguzi na mpishi wavue aproni wakae kuziba nafasi.

Nje ya geti alisimama mmoja asiye wa mtu yeyote. Alikuwa mgonjwa aliyerudishwa mwanzoni mwa sharti, akaambiwa kamlete ndugu. Hakuwa na wa kumleta, wala hakujua kwamba wafu wanakubalika, akafia hapo hapo ukutani, chini ya maandishi ya bluu. Kila Alhamisi alimsogelea kila anayekuja peke yake, akavua kofia.

"Samahani. Unahitaji ndugu?"

"Wewe si wa damu," mlinzi alimjibu kila mara, bila ukali. "Kaa pembeni, mzee, unaziba njia."

Naye alikaa pembeni.

Miezi ikapita. Brashi alilala usiku na kuchora mchana. Ila aliyeangalia vizuri, na Mpiga Pasi aliangalia vizuri, aliona kwamba kuja huku kunawala wafu. Kwanza Shangazi aliacha kukohoa, ikaonekana nafuu. Kisha akaanza kumwita Brashi kwa jina la baba yake. Halafu akamwita kijana. Mwezi mmoja alimwinamia karani pale dirishani na kumuuliza kwa adabu:

"Baba, hebu nikumbushe. Mimi nimekuja na nani?"

"Na huyu wa koti, bibi."

"Haya. Ana sura nzuri. Wa kwao wana bahati."

Brashi alisikia. Alitoka nje na kusimama karibu na kibanda cha pasi, akijishika kovu la kifundo cha mkono.

"Unamchosha mzee wa watu," Mpiga Pasi akamwambia.

"Najua. Nimwache? Nikimwacha, hii kamba inarudi, dada. Safari hii sidhani kama utaniwahi."

Mpiga Pasi aligeukia meza yake. Alinyoosha kola ile ile mara nyingi mpaka ikaanza kubadilika rangi.

Mwezi uliofuata Shangazi alichukua asubuhi nzima kutoka getini hadi kwenye benchi. Kamba ya beji ilimlemea shingo. Mpiga Pasi, aliyekuwa ndani kwa beji yake ya kijani, alikwenda kukaa kando yake na kumshikia kikombe. Shangazi akautazama mkono huo muda mrefu.

"Wewe ndiye uliyemfungua."

"Ndiye mimi, shangazi."

"Nilikuona. Nikasema, huyu ni mtoto wa nani huyu, mbona mikono yake ya moto hivi?"

"Ni makaa tu. Napiga pasi."

"Mimi sitarudi tena. Huyu kijana simjui, ila namwonea huruma, na huruma peke yake hainitoi kule chini." Akaivua beji nyeupe na kumvisha Mpiga Pasi, juu ya ile ya kijani. "Vaa. Nimechoka kuwa shangazi."

Karani akagonga kioo. "Jamani! Beji hiyo ni ya marehemu."

"Na hizi nyingine ni za akina nani?" Mpiga Pasi akamuuliza.

Karani akachungulia mabenchini. Akamtazama pacha na dimbwi lake, akamtazama babu wa mwalimu, akatazama safu yote ya watu waliokaa kimya na vikombe vilivyopoa. Kila beji nyeupe ilikuwa kwenye shingo ya mfu. Hakuwahi kulifikiria hilo, na hata sasa hakulifikiria sana.

"Nikikupokea kwa beji hiyo, mama, nakupokea upande huo wa marehemu. Hakuna upande mwingine."

"Nipokee."

Karani akampokea. Ubaridi ukamwingia Mpiga Pasi kwa shingoni, ukashuka mabegani, ukafika viganjani na kukaa. Shangazi akainuka, akapita upande wenye kivuli, na alipofika kwenye kona ya kiwanda hakuwepo. Brashi akachomwa sindano. Alikwenda nyumbani na msindikizaji wake, na usiku huo akalala.

Tangu hapo makaa yanazima Mpiga Pasi akiishika pasi. Inabidi jirani aishike, yeye aelekeze. Wateja hawajalalamika: nguo zinanyooka kuliko zamani, ila zinavaliwa baridi, na kwapani zinanukia udongo kidogo. Mumewe alimgusa usiku ule wa kwanza. Alikwenda kuchukua blanketi la wageni kabatini, akamwongezea, kisha akalala upande wake bila kumpa mgongo. Beji ya kijani ilirudishwa ofisini, kwa sababu marehemu hawezi kuwa mtumishi, na mpaka leo inasubiri mwingine.

Mratibu aliposikia yote haya alilia machozi, akalifuta sharti siku hiyo hiyo, geti likang'olewa na kuuzwa chuma chakavu, na kila mtu akawa anaingia na anayempenda.

Hapo ndipo nilipofikia, nikisimulia kwenye benchi la kinyozi, na watu wakanipigia makofi. Makofi yakakatika. Mpiga Pasi alikuwa amesimama mlangoni na shati langu mkononi.

"Babu," akasema, "mpaka kwenye blanketi hukuongopa hata neno moja. Sasa hapo kwa Mratibu umetoa wapi?"

"Hadithi ni lazima iishe vizuri, mwanangu. Watu wamekaa muda mrefu."

"Sharti lipo. Geti lipo. Leo asubuhi wamerudishwa tena watu, na yule mzee wa kofia bado amekaa pembeni."

"Amenaswa!" kinyozi akapiga kelele, mkasi juu. "Aliapa huyu! Alipe!"

"Alipe! Alipe!" wakaitikia wote, hata yule aliyenyolewa upande mmoja.

Nikawaambia wachague jino. Mpiga Pasi akacheka, kicheko chake kikatoa mvuke kama asubuhi ya baridi.

"Meno yako ya nini? Mimi nautaka huo uongo. Pacha wa muuza mayai hakutokea Alhamisi hii, amekwisha. Jamaa amekosa dawa, na ameanza kuongea na trei za mayai. Anahitaji babu."

"Lakini mimi si damu yake! Hata jina la mama yake silijui."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Ningetaka mtu mkweli ningemfuata kinyozi."

Akanivisha shati pale pale mbele ya watu. Lilikuwa limenyooka, na liliniuma ubavuni kwa baridi.

Nimekuwa nikijifunza tangu juzi. Najua jamaa alizaliwa mvua ikinyesha, najua alianguka mtini akavunjika mkono, najua mama yake, yaani binti yangu, alikuwa hapendi kelele na alifariki kwa kifua. Huyo binti sikumzaa, lakini kila nikirudia habari zake najikuta namwita mwanangu. Jana jioni binti alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni na udongo kwenye pindo, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni kama mtu anayenunua mbuzi, akaniuliza mjukuu wangu alivunjika mkono gani.

"Wa kushoto," nikamwambia.

"Wa kulia, baba," akasema. Nikamsogezea kiti, akakaa, na tukaanza upya.