Jibu la Swali la Tisa

Mwalimu Munyaneza alikuwa akitafuta mazoezi ya muhula mpya, macho yake yakanasa kwenye mstari mmoja wa kitabu cha Kifaransa: oksijeni hubeba namba ya oksidesheni ya hasi mbili, isipokuwa ndani ya peroksidi, ambamo hubeba hasi moja. Akausoma mara tatu.

Wiki tatu kabla, alikuwa amesahihisha mtihani wa kuingia shule ya wauguzi. Swali la tisa liliuliza namba ya oksijeni katika maji ya oksijeni, dawa ile ya kuoshea vidonda, ambayo ni peroksidi. Kadiri, mtoto wa Muhamadi fundi cherehani, aliandika hasi moja. Munyaneza akaikata kwa wino mwekundu. Kijana alianguka kwa alama mbili tu, na swali lile lilikuwa na alama tatu.

Akakimbilia kwa mkuu wa shule, Mbelgiji.

"Orodha ya waliofaulu imeshakwenda Astrida, kwenye shule ya wauguzi," mkuu alisema bila kuinua kichwa. "Unataka watu waseme walimu wetu hawajui kemia? Bon. Yamekwisha."

Hayakwisha. Mchana ule Munyaneza alikwenda kwenye baraza ya Muhamadi, akamkuta Kadiri akipinda suruali ya kaki.

"Kadiri, ulifikaje kwenye hasi moja?"

Kijana akachukua chaki ya kukatia nguo, akaandika juu ya kitambaa. "Haidrojeni iko mbili, kila moja chanya moja. Ile ni chanya mbili. Yote pamoja lazima ifike sifuri. Donc oksijeni mbili zinagawana hasi mbili, kila moja hasi moja. Nilisema darasani, mwalimu. Ulinitoa inje."

Munyaneza alikumbuka. Alikumbuka hata darasa lilivyocheka.

"Mi nilimwambia ni jina," Muhamadi akaingilia. "Kama angekuwa na jina la kikristo kama mwenzake Gratien, hamungemukata."

"Si jina, mzee. Ni mimi sikujua."

"We una hakika?"

Munyaneza alitaka kusema ndiyo. Gratien alikuwapo darasani siku ile ile. Aliuliza swali gumu kuliko hilo, na Munyaneza akamwambia kwa upole angoje, atamtafutia kitabuni.

Kesho yake alimwandikia mkaguzi wa shule akikiri kosa lake, akatia sahihi yake. Jibu lilichukua mwezi mzima: nafasi imepewa mwingine, Kadiri anaweza kurudia mtihani mwaka ujao, na mwalimu Munyaneza anahamishiwa shule nyingine, ya Mudende.

Akaipeleka barua barazani, akaisoma kwa sauti. Muhamadi alisikiliza mpaka mwisho.

"Wapi imeandikwa kama mutoto alisema kweli?"

Haikuandikwa popote. Munyaneza alitoa kalamu, akaandika chini ya mhuri wa mkaguzi: *Jibu la Kadiri la swali la tisa lilikuwa sahihi. Aliyekosea ni mimi.* Akaongeza jina lake na tarehe.

Muhamadi aliikunja barua, akaitia ndani ya kanzu. Hakushukuru. Kadiri naye hakuuliza mtihani wa mwaka ujao utafanyika mwezi gani, na Munyaneza, aliyekuwa akiujua mwezi huo, alishindwa kumwambia.