Mita Zangu Kumi na Mbili

Mimi maji nayataka. Niliseme hilo kwanza, maana hapa Kamembe mtaa mzima ulinisengenya, eti mimi ndiye adui wa bomba. Miaka yote nimepanda kilima na bidoni la maji kichwani mpaka shingo imekauka. Bomba karibu! Lakini mti wangu hawagusi.

Mwaka wa 2002 aliletwa fundi wa kupima njia ya bomba, kijana wa Gashonga aitwaye Vénuste, na kopo lake la rangi nyekundu. Alipiga alama kwenye kila mti uliosimama njiani: parachichi la jirani, mikaratusi miwili, na umuvumu wangu. Mwenye parachichi alilia kidogo, akapewa miche, akanyamaza. Mimi nilichukua mchanga na maji nikaisugua ile alama mpaka gome likachubuka. Akapaka tena. Nikasugua tena. Mara ya tatu akaniuliza, "Maman, huu muti unazaa nini?"

"Unazaa kivuli. Pita!"

Sikuweza kumwambia ukweli. Chini ya mti ule amelala binti yangu, Zaituni. Mwezi wa kumi wa 1996, mabomu yalipokuwa yanavuka ziwa kutoka Bukavu, moja lilimkuta uani akianika sahani. Makaburi yetu yako kwenye mteremko unaotazama Bukavu; nani angebeba jeneza kule ili wapigwe wote? Tukamzika hapa hapa, kando ya jiko. Shemeji yangu Nasiri, kaka wa marehemu mume wangu, alilimwagia kaburi maji, kisha akachomeka tawi bichi upande wa kichwa kama tunavyofanya siku zote. Kwa haraka yake alikata tawi la kwanza aliloliona, la umuvumu, kwenye ua wa jirani. Lo! Nani katika nchi hii hajui kwamba umuvumu ukiuchomeka ardhini unashika? Tawi la kaburi hunyauka kwa wiki moja. Lile likatoa majani. Nasiri alitaka kuling'oa, nikamwambia aliguse aone.

Vita vilipotulia likatoka tangazo: aliyezika nyumbani ajiandikishe, maiti wahamishiwe makaburini. Wengi walijiandikisha. Nilimwona jirani akiitafuta mifupa ya mama yake kwa jembe, nikasema wallahi, wangu hapana. Nikafunga mdomo. Wanaume wanne waliochimba lile kaburi walijua, nao wakafunga midomo yao.

Sasa, mtaro wa bomba hapa kwetu haukuchimbwa na mashine. Tuliuchimba wenyewe kwa umuganda, ile kazi ya mtaa mzima ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kila nyumba na kipande chake. Mimi nilipewa mita kumi na mbili, na mti ukawa katikati yake. Vizuri. Kipande changu, jembe langu.

Sikungoja Jumamosi. Nilianza Alhamisi. Watu walipofika na majembe yao walinikuta nimezama mpaka kiunoni, na mtaro wangu umepinda, umeukwepa mti kwa hatua nne, umepita pale lilipokuwa jiko langu. Ndiyo, jiko nililibomoa kwa mikono yangu. Jiko hujengwa tena.

Vénuste akaja mbio. "Maman Ridhwani! Mutaro unapinda! Nani alikutuma?"

"Bomba lenu si lile jeusi lililokuja limeviringishwa? Kama lilijikunja ndani ya gari, linashindwa kujikunja kwangu?"

Watu wakaangua kicheko. Uso ulimshuka. Akaita vijana wawili waje wafukie.

"Fukieni," nikasema, "na mimi nikiwa ndani."

Hakuna aliyesogea. Vénuste alizunguka, akapima kwa kamba yake, akapima tena, mwisho akashusha pumzi na kutoa karatasi. "Bomba haipinde bure, Maman. Lazima niandike sababu. Niandike nini?"

Nasiri akadakia upesi, "Andika jiwe, fundi. Kuna jiwe kubwa pale."

"Jiwe, jiwe," wengine wakaitikia. Wale walioshiriki kumzika ndio waliopaza sauti zaidi.

Mambo yalikuwa yamekwisha. Ningenyamaza tu, mti ungebaki, maji yangekuja, na hakuna mtu ambaye angekuja kufukua. Lakini hasira ilinipanda. Miaka sita nimemficha mwanangu kama mali ya wizi. Sasa na aitwe jiwe?

"Si jiwe," nikasema. "Shemeji, nyamaza. Pale kuna kaburi. Ni binti yangu."

Nasiri alishika kichwa. Vénuste aliishusha kalamu, akanisogelea mpaka ukingoni mwa mtaro, akasema kwa sauti ya chini, "Maman, nikiandika kaburi, batakuya kumuhamisha."

"Bakuye. Batanikuta hapa hapa na jembe. Wewe andika: Mukundwa Zaituni."

Aliandika. Nilimsimamia herufi kwa herufi. Alipotaka kukunja karatasi nikamzuia, nikamwambia aongeze na umri: miaka minane.