Ngoma ya Mkwe Wangu Ilivyokauka

Mkwe wangu ni mtu mzuri, na hilo nalisema mapema nisije nikaambiwa nina roho mbaya. Hampazii binti yangu sauti, na akila huosha sahani yake mwenyewe. Taabu yake ni moja tu: ni mpiga ngoma, na mazoezi anayafanyia katika chumba ninachoshonea.

Jumatatu moja alirudi amenywea. Mzito, mpiga gitaa la besi ambaye ndiye mwenye bendi, alikuwa amesikiliza mazoezi aliyojirekodi kwa simu hapa nyumbani, akamwambia kwamba ngoma yake ndogo inalia mno. Walikuwa wanajiandaa kurekodi, na Mzito alitaka mlio mkavu: pa, halafu kimya. Ijumaa angekuja nyumbani kuisikiliza. Kama bado inalia, kazi ya ngoma ingefanywa na kinanda cha umeme, na mkwe wangu angekaa nyumbani.

Akae nyumbani? Binti yangu ni muuguzi, anaondoka alfajiri, kwa hiyo wa kushinda naye ni mimi. Mimi, yeye na vijiti vyake, akigonga ukingo wa meza yangu kuanzia chai ya asubuhi mpaka giza linaingia. Nikamwambia, "Baba, kaza hiyo ngoma."

Akaikaza. Ile ngoma ina ngozi mbili za plastiki, ya juu na ya chini, na chini kabisa zimetandazwa nyaya nyembamba. Ngozi ya juu inashikwa na skrubu kumi, naye ana ufunguo mdogo wa kuzikazia. Hazikazi kwa kufuatana. Anakaza moja, anavuka kwenda ya upande wa pili, nusu mzunguko kila mara, kisha anagonga kwa kidole karibu na kila skrubu kusikiliza kama zinalingana. Nilimsifu moyoni, maana hata mimi kiuno cha sketi nakitia pini hivyo hivyo, upande huu kisha ule, la sivyo kinakwenda upogo. Lakini alipopiga kwa kijiti: pa, ngiiing.

Jumanne akaikaza ya chini. Ngiiing. Jumatano akabandika utepe juu ya ngozi, kisha akaweka leso, kisha pochi yake, kisha soksi, na soksi yenyewe haikuwa imefuliwa. Ngiiing. Mimi nami sikunyamaza. Nilimwambia miaka kumi na miwili ya kupiga ngoma alikuwa anatwanga maji kwenye kinu, kwamba mtu asiyejua chombo chake asijiite fundi, na mengine ambayo mama mkwe hapaswi kumwambia mkwe wake. Alijibu ndiyo mama, akageuza ufunguo.

Alhamisi alipiga wakati nimeshika kopo langu natafuta vifungo vya shati. Pa. Kimya. Nikalirudisha kopo rafuni, akapiga tena. Pa, ngiiing.

Ni kopo la biskuti, la bati, ambalo biskuti zake ziliisha kabla binti yangu hajaota meno. Limejaa vifungo, sindano na zipu mbovu. Niliweka kiganja juu ya kifuniko: pa, kimya. Nikakiondoa: ngiiing. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye mshona nguo.

Siku hiyo nilijitia hamnazo. Lakini Ijumaa asubuhi nilimkuta bado anakaza, ngozi imekakamaa, imebaki kidogo tu ipasuke, na Mzito yuko njiani. Niliona aibu. Siku tatu nzima nilikuwa nimemsimanga kwa kosa la kopo langu mwenyewe.

"Baba, acha huo ufunguo," nilisema. "Ngoma yako haina kosa. Kinacholia ni kopo langu."

Alilitazama kopo, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Hakunirudishia hata neno moja katika yale niliyomwambia, na hapo nilimpenda kweli, kwa dakika kadhaa. Nikalipeleka kopo jikoni. Yeye akabandua utepe, akatoa soksi, akalegeza skrubu zote, akaanza upya kwa ule utaratibu wake wa kuvuka. Mzito alipobisha hodi, ngoma ilikuwa tayari.

Pa. Halafu kimya.

Mzito aliomba apigiwe tena. Kisha akaanza kuzungusha macho chumbani: majora ya vitambaa yamefika dari, mapazia ya watu, gauni la bibi harusi linaning'inia mlangoni. Akapiga kofi moja, akatega sikio. Akasema studio zote alizopita kuta zinarudisha sauti, ila humu inamezwa. Akanigeukia kwa adabu zote.

"Mama, tungeomba turekodi humu."

Ningesema nini? Mkwe wangu alikuwa ananitazama kama mtoto aliyeona peremende. Nikakubali. Nilitaka mmoja atoke, wakaingia watano.

Sasa msinihukumu. Nilikuwa na magauni sita ya kumaliza, na cherehani hairuhusiwi kulia watu wakirekodi. Jumatatu, walipokuwa wanaunganisha nyaya zao, nililirudisha kopo rafuni kimyakimya. Mkwe wangu akapiga. Pa, ngiiing. Mzito akakunja uso, akaanza kuuliza kama ile studio waliyokuwa wamepanga kurekodia mwanzoni bado ina nafasi, nami nikainamia sindano yangu kama sihusiki.

Mkwe wangu hakugusa hata ufunguo. Aliinuka, akaenda moja kwa moja mpaka rafuni, akachukua kopo, akaja akaniwekea mapajani.

"Mama," alisema kwa upole, "shika hapo. Mikono yote miwili."

Ndivyo ninavyokaa mpaka leo, kila wakihesabu moja, mbili, tatu, nne: nimekumbatia kopo, sikohoi. Mwenye gauni la harusi akija kuliulizia, mwambieni niko kazini.